Kungwi Aliyeacha Nusu ya Shairi

Maji ya kumkogesha mwali aliyatumia ya baridi, na maji ya kumwosha maiti aliyapasha moto. Siku moja nikamwuliza kwa nini asifanye kinyume, maana mwali ndiye anayesikia baridi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anajifunga kanga.

"Aliye baridi ndiye anayetaka moto," akasema. "Mwali ana moto wake mwenyewe. Kwani wewe hukuolewa, Karani?"

Karani ni jina alilonipa yeye, kwa sababu nilifika darasa la nne na majirani walikuwa wakiniletea karatasi zao niwasomee. Halikuwa la heshima wala la dharau. Aliniita hivyo tu, na mtaa ukalifuata.

Yeye naye tulimwita Kungwi. Penye msiba watu wale wale walimwita Mwosha. Alikuwa akiwafunda wali na kuwatoa ndani, na alikuwa akiwaosha wanawake waliokufa. Wako waliosema kazi hizi mbili hazifai kukaa katika mikono ya mtu mmoja. Sijui. Kinondoni wakati ule ilikuwa nyumba chache za makuti katikati ya minazi na mikorosho, na mtu aliyejua kazi hakuachwa afanye moja tu. Alikotoka na ukoo wake siandiki, maana niliyoyasikia hayakupatana. Nitaandika niliyoyaona, na pale nilipoambiwa tu nitasema niliambiwa.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, viganja vigumu. Alipenda sukari kupita kiasi. Wakati wa vita, sukari ilipokuwa ya foleni, alisimama mbele ya duka la Mhindi tangu asubuhi na kugombana na kila aliyejaribu kupenya. Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, nyumbani kwako mko wawili tu na mjukuu. Sukari yote hiyo ya nini?"

"Ya kunywea chai nikitoka kumwosha mama yako."

Mama yake kijana yule alikuwa hai, tena amesimama nyuma yake kwenye foleni hiyo hiyo, na ndiye aliyecheka kuliko sisi wote.

Mzaha wa namna ile aliuweka kwa ajili ya foleni na misiba. Penye msiba alikuwa mchangamfu hata wageni wakaona vibaya. Alikuwa akitoka kwenye chumba cha kuoshea, anafuta mikono, na kuuliza nani ameficha kahawa. Lakini penye harusi hakucheka. Alimkalisha mwali kwenye mkeka, akamsinga liwa ya manukato mwili mzima kama anayesugua sufuria, na uso wake ulikuwa wa mtu anayevuka barabara. Niliona tabia hii kwa miaka mingi na nikadhani ni ukorofi. Sasa sina hakika. Huenda aliona kwamba penye msiba kazi imekwisha, na penye harusi ndiyo inaanza.

Kilichomfanya ajulikane mpaka Magomeni na hata ng'ambo ya mji, Temeke, ni shairi lake. Naliita lake kwa kuwa sikulisikia kwa mtu mwingine kabla yake, ingawa yeye hakudai kulitunga. Hakutaka niliandike. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kukumbuka, na neno moja mawili huenda nimekosea. Aliliimba wakati wa kumsinga mwali. Yeye alitoa nusu ya kwanza ya mstari, na wanawake waliojaa chumbani wakaitikia nusu ya pili:

Leo sukari kinywani, — kesho chumvi ya machozi,
Leo taa i chumbani, — kesho ni kiza cha mwezi,
Leo udi u nguoni, — kesho udongo, mizizi,
Yote mawili ni yako, huchagui la kuvaa.

Mstari wa mwisho aliuimba peke yake, na hapo alimwagia mwali kata ya maji ya baridi kichwani. Zilikuwapo beti nyingine, nyepesi kidogo. Ule wenye mstari "Leo mume ni kipenzi, — kesho mume ni mgeni" uliwafanya walioolewa waitikie kwa kelele, na mwali peke yake ndiye hakujua wanachekea nini. Lakini ubeti wa sukari na chumvi haukuachwa hata siku moja.

Mimi nilikuwa nikidhani sukari ni mume mwema na chumvi ni mume mbaya. Nikamwambia hivyo tukiwa tunapepeta mchele. Akakataa.

"Mume ni yule yule. Na kinywa ni kile kile. Sukari na chumvi ukizimimina sahanini utazijua? Huzijui mpaka uonje. Ndivyo siku zilivyo."

"Na udi na udongo?"

"Vyote vinakaa kwenye nguo nyeupe."

Nikakaa nikafikiri. Nikamwambia kama mambo yote mawili mtu ameshaandikiwa, kumwambia kunamfaa nini? Hataweza kuyakimbia.

"Sikumwambia akimbie," akasema. "Namwambia leo, akiwa na watu. Kesho atakuwa peke yake."

Hilo lilinikaa. Mpaka leo sijaona jibu lililo bora kuliko hilo, ingawa mwenye kulipinga namjua na sitaki kumdhulumu. Mwalimu wa chuo, aliyewasomesha watoto wetu Kurani, hakulipenda shairi lile. Alimwambia mbele yangu, kwa adabu, akiwa amesimama nje ya ua na kutazama pembeni kwa kuwa tulikuwa wanawake peke yetu.

"Mama, kesho ni ya Mungu. Usimtajie mtu kesho yake."

"Simtajii mie, Mwalimu. Nimemtajia nani siku yake? Nasema kesho. Nani asiyejua kesho ipo?"

"Lakini unamtisha."

"Wewe unawatisha watoto na moto kila siku, na wanarudi."

Mwalimu alitabasamu, nami nikaona hakukasirika. Akasema moto amekatazwa kuuficha, na akaenda zake. Kila nikiyakumbuka maneno yao naona wote wawili walikuwa na haki yao, na pengine mimi ni mtu wa namna hiyo tu, nisiyeweza kumpa mmoja kanzu yote.

Penye kifo aliligeuza shairi. Hili wanaume hawakulijua, maana waoshaji walikuwa watatu au wanne tu chumbani, na yeye alilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Pale hakusema chumvi, wala kiza, wala udongo. Alisema nusu tamu peke yake, na kila "leo" akaifanya "jana." Anainua mkono wa marehemu, anamimina maji ya vuguvugu, anasema, "Jana sukari kinywani." Anageuza bega, anasema, "Jana taa i chumbani." Na kama alimjua marehemu, aliongeza ya kwake: jana ulicheza lelemama, jana uliuza samaki, jana ulinitukana kisimani. Nilipomsaidia kumwosha mama mkwe wangu, alimtajia mambo mengi hata nikasikia haya kwamba nilikaa naye miaka yote na sikuyajua.

Basi mwali aliambiwa yote mawili, na maiti aliambiwa mazuri tu. Mwenyewe alisema maiti hana haja tena ya kuonywa.

Sasa niandike kilichomwondoa kwenye harusi. Mama mmoja muuza vitumbua alimwoza binti yake, na Kungwi akamsinga kama alivyowasinga wengine. Mwaka haujaisha, binti akafa na mimba yake ya kwanza. Homa ilimshika, ikampanda kichwani, na hospitali walifika naye hajitambui. Mama yake akaja kwa Kungwi asubuhi. Hakupiga kelele. Mie nilikuwapo, nimekwenda kuazima chungu.

"Ulimwambia kesho," akasema. "Mwanangu alikuwa na umri wote mbele yake, wewe ukamtia kesho masikioni mpaka ikamsikia."

Nilimngoja Kungwi ajitetee. Sababu alikuwa nazo: wali wangapi aliwaimbia na sasa wana wajukuu? Hakusema hata moja. Alisema, "Nije nimwoshe mie, au mtamtafuta mwingine?"

Mama wa vitumbua akamtazama. "Mwingine yupo wapi?" akasema, na kilio kikamtoka.

Wako waliosema jibu la Kungwi lilikuwa la mtu mwenye roho ya jiwe. Sitawaita waongo, maana lilisikika hivyo. Lakini mie nilikaa upande wake wa kushoto, na nikauona mkono wake ulivyoishika nguzo ya baraza. Kucha zilikuwa nyeupe. Akaenda, akamwosha. Mie sikuingia. Niliambiwa na aliyeingia kwamba siku ile hakutaja hata la jana.

Tangu hapo harusi zikamkimbia. Waliletwa makungwi kutoka Magomeni, wenye nyimbo za kuchekesha na ngoma. Hakuna aliyemtukana wala kumwambia usije. Ilikuwa tu anasikia vigelegele kutoka nyumba ya tatu, naye ameketi barazani anachambua mchicha. Misiba haikumkimbia. Walewale waliomkataa kwa mabinti zao walimgongea mlango kwa mama zao. Alikwenda kila alipoitwa. Na uchangamfu wake wa msibani ukapungua, kwa hiyo sasa watu wakasema amekuwa na kiburi.

Alikuwa na mjukuu wa kike, aliyemlea tangu hajaota meno. Bibi na mjukuu walitaniana kama ilivyo desturi, wakiitana mke mwenza, na ugomvi wao wa uongo ndio uliokuwa redio ya mtaa wetu. "Mke mwenzangu huyu hajui hata kukuna nazi, atanifilisi." "Na wewe umezeeka, bwana atakuacha uanikwe juani kama dagaa." Mjukuu alipoposwa na kijana wa Temeke, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo gatini, Kungwi alifurahi. Kisha akaingiwa na hofu. Niliiona hofu ile kwa sababu alianza kusifu watu.

"Yule kungwi wa Magomeni," akasema tukiwa watatu jikoni, "ana mikono laini. Kazi yake safi."

Mjukuu akaacha kukoroga. "Kwa nini unaniambia?"

"Ndiye atakayekusinga."

"Sitaki laini, Bibi. Mie nataka hiyo yako ya msasa."

"Watu watasema."

"Watu hawaolewi, naolewa mie. Usiponisinga wewe sitoki ndani. Mwambie bwana arudi kwao na posa yake."

Kungwi alicheka, lakini alinitazama mimi, si yeye. Wakati ule nilidhani anataka nimsaidie kumshawishi binti. Baadaye nikafikiri huenda alitaka nimkataze yeye mwenyewe asimsinge. Sikujua.

Siku ya kumsinga, chumba kilijaa. Kutoka Temeke walikuja wanawake wengi upande wa bwana harusi, wakiongozwa na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupigia mbiu. Shangazi huyu alikuwa na hamu. Alisema mwenyewe akivua ukaya wake wa kichwani: "Shairi lenu tumelisikia mpaka kwetu, na leo tumekuja kuliitikia kwa mwenyewe." Naandika hili ili ijulikane kwamba hakuna aliyemwomba Kungwi abadilishe. Wakwe hawakuomba. Bi harusi hakuomba. Yalitoka kwake.

Alianza kusugua. Binti alikuwa amefumba macho, liwa usoni. Kungwi akaimba, "Leo sukari kinywani," na badala ya kutuachia sisi, akaunganisha mbio mbio, "kesho asali na tende."

Lakini midomo yetu ilishafunguka. Ukiimba kitu kimoja miaka yote, hungoji uambiwe. Chumba kizima kikaitikia, "Kesho chumvi ya machozi," na ile asali yake ikafunikwa, hakuna aliyeisikia isipokuwa sisi tuliokuwa karibu na mkeka.

Akapandisha sauti. "Leo taa i chumbani, kesho..."

"Kesho ni kiza cha mwezi!" Shangazi wa Temeke ndiye aliyeongoza. Alidhani bibi anatupima kama tunajua. "Tumo, Kungwi! Tumo!" akasema, na wenzake wakapiga makofi.

Mara ya tatu Kungwi hakujaribu. Alisema, "Leo udi u nguoni," akafunga mdomo. Pale ndipo kosa lilipokuwa kubwa, kama ni kosa. Kwa kunyamaza alitupa nafasi yote, nasi tukaijaza. "Kesho udongo, mizizi." Sauti za wanawake wa mitaa miwili, chumba cha udongo, dirisha limezibwa kwa kanga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tulikuwa tukiitikia harusi.

Mstari wa mwisho ulikuwa wake, na hakuuimba. Kata ya maji ilikuwa mkononi imejaa. Tukaanza kutazamana, na mmoja mmoja tukafahamu alichokuwa akijaribu kukificha. Mimi naamini hapo ndipo hofu ilipoingia chumbani, si kabla. Chumvi ile tulikuwa tumeiimba mara nyingi bila kuogopa, mpaka tulipoona mwenyewe anaiogopa.

"Bibi," akasema mwali, macho yamefumbwa, "endelea."

Akamwagia maji bila wimbo.

Jioni ile alinikuta nikiosha masahani uani, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Yakitoka kwangu ni mafunzo," akasema. "Nimemwambia na nipo. Leo yametoka kwao, na mimi nimenyamaza. Sasa yamekuwa nini?"

Nikamwambia yamekuwa wimbo tu.

Desturi ni kungwi kufuatana na bi harusi mpaka nyumbani kwa mume. Yeye alimtuma mwingine. Alikuwa ameshaamua. Kama kuna nusu ya pili inayomfuata mtu, alisema, basi inafuata nyayo zake yeye, iliona harusi ya binti wa Mama wa vitumbua na ikaja na harusi hii. Akikaa mbali haitapajua Temeke. Mtu aliyetuambia miaka yote kwamba hakuna anayechagua la kuvaa, sasa alikuwa anachagua kwa niaba ya mjukuu wake. Nilimwambia hivyo, kwa upole. Akasema, "Najua, Karani. Najisikia." Na hakwenda.

Mjukuu alituma salamu, zikajibiwa. Alituma mtu aje amchukue, akaambiwa bibi anaumwa miguu. Siku ya Idi akaja mwenyewe. Kungwi alimwona kwa mbali njiani, akaingia jikoni kwangu, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi na kunionyesha kwa kidole ninyamaze.

"Shikamoo, Mama," binti akasema mlangoni kwangu. Alikuwa na mzigo wa vitambaa na sahani ya maandazi. "Bibi yangu simwoni."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwake hayupo."

"Kaenda wapi?"

Kungwi nyuma yangu akanong'ona: Goba, kwenye korosho.

"Anasema," nikaanza, nikakoma. "Nasikia yuko Goba, kwenye korosho."

Binti alitazama nyuma ya bega langu, kisha mlango wa jikoni. Nadhani alijua. Akaweka sahani chini polepole. "Akirudi Goba," akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "mwambie mke mwenzake bado hajui kukuna nazi." Akaondoka. Kungwi alikaa juu ya mbuzi ile mpaka maandazi yakapoa, na hakula hata moja, yeye aliyependa sukari.

Ikapita miaka namna hiyo. Mimba ya kwanza ya binti iliharibika, tukaambiwa na watu. Ya pili ikakaa.

Mara ya mwisho niliyokuwa naye ilianza kwa baiskeli. Mume wa mjukuu alikuja Kinondoni saa za asubuhi, akiwa amevaa nguo za kazi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa kijana mtaratibu, na sina neno baya juu yake. Alimwamkia Kungwi, akakataa kukaa.

"Mtoto kazaliwa wa kike. Alikuwa mzima. Usiku wa juzi kashikwa homa, leo alfajiri katutoka. Hata jina tulikuwa bado."

Kungwi akasema maneno ya kumrejesha kwa Mungu.

"Bibi, nimetumwa. Mwenzangu anasema mtoto haoshwi na mtu mwingine. Shangazi kaja na waoshaji, mwenzangu kawafukuza. Anasema usipokuja ataosha mwenyewe. Na mwenyewe hawezi kusimama."

"Mie nikija, atafuata."

"Nani?"

"Yeye. Mjukuu wangu."

Yule kijana alishika usukani wa baiskeli. Nafikiri alikuwa hajalala. "Bibi," akasema, "nimemwacha anatazama mlango. Mie ninachojua ni hicho."

Nikachukua ukaya wake ukutani nikampa. Tulipanda basi mpaka Kariakoo, kutoka hapo tukashika njia ya Chang'ombe kwa miguu, mchanga unachoma, naye mara moja aliuliza kama bado mbali. Alikuwa hajawahi kufika.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, bati jipya. Wanawake uani wakatupisha. Shangazi wa Temeke alisimama, mnene vilevile, sauti imemwisha. Binti alikuwa kitandani nyuma ya pazia. Hakuamkia. Mtoto alilazwa kwenye kitanda kidogo cha kamba, amefunikwa.

"Maji yako wapi?" Kungwi akauliza.

Akaonyeshwa ndoo. Akatia kidole. "Pasheni moto."

Mie ndiye niliyemjazia kata. Alifunua mtoto, akamtazama, akaanza. Mikono ile ya msasa ilikwenda kama inagusa ute wa yai. Aliinua mkono mdogo, akamimina, akasema, "Jana..."

Akasimama. Akajaribu tena. "Jana..."

Maji yakatiririka kutoka kwenye kata mpaka yakaisha. Alinigeukia, na sijamwona mtu mzima akiwa na uso ule. "Huyu hana jana," akasema.

Pazia halikusogea. Sauti ikatoka nyuma yake, kavu, bila machozi.

"Alinyonya."

Kungwi hakugeuka.

"Jana alinyonya, Bibi. Asubuhi. Akashiba akacheua."

Kungwi akainama. Kisha akanyoosha kata nimjazie. "Jana maziwa kinywani," akasema, na akamwosha mtoto wote kwa mstari huo mmoja, akiurudia, kichwa, bega la kulia, la kushoto, mpaka miguuni.

Wanaume wakamchukua. Walipotoka, binti akafungua pazia. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, maziwa yalikuwa yakimtoka na hakuna wa kuyanywa. Alimtazama bibi yake tangu utosini mpaka miguuni, kama anayemkagua.

"Ulinikimbia nisife," akasema.

"Ndiyo."

"Nimekaa hapa kama mtu aliyefiwa na bibi yake. Idi zote. Mimba ile imetoka, nimeita nani? Nimeita jirani. Mtoto kafa kwa homa, Bibi. Hakufa kwa shairi. Shairi nilikuwa nalijua tangu utoto, nililala nikilisikia. Wewe ndiye sikukujua."

Nilingoja Kungwi aseme alikuwa anamlinda. Ingekuwa kweli. Alisema, "Jiko liko wapi?"

"Nini?"

"Jiko. Hujala."

Nilibaki kidogo kumfunga binti kifua kwa kanga ili maziwa yapungue maumivu, kisha nikaaga, kwa kuwa nami nilikuwa na watoto nyumbani. Kungwi hakuaga. Alikuwa jikoni anaepua uji. Nyumba yake ya Kinondoni baadaye iliingia wapangaji, na mimi sikupata tena nafasi ya kwenda Temeke, au niseme sikuitafuta. Kwa hiyo yaliyofuata siyajui, na siwezi kuandika kwamba walipatana.

Nilipokuwa uani navaa viatu niliwasikia kupitia dirishani.

"Pilipili manga umezidisha."

"Kunywa."

"Inachoma, Bibi."

"Uji wa mzazi ndivyo ulivyo."

"Mzazi wa nani?"

Kijiko kiligonga bakuli mara moja, kikatulia. Nilisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Umezaa, hukuzaa?" akasema Kungwi.

"Nimezaa."

"Basi kunywa."

Kisha nikasikia mtu anaupuliza uji.